Kadi ya Benki Ikipotea: Hadhari kwa Wakazi wa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Mtu aliyepotelewa na kadi ya benki katika steji ya Nyeri, au aliyejipapasa mfukoni asiione baada ya kupenya msongamano wa soko la Karatina, aghalabu hufanya mambo matatu: hurudi alikotoka akiangaza chini, huwauliza wenye vibanda na makondakta kama wameona kitu, kisha, jua linapotua na tamaa ikamwishia, ndipo anapokumbuka kwamba iko benki. Utaratibu huo umepinduka. Madhara ya kadi iliyopotea hayapimwi kwa thamani ya kile kipande cha plastiki, ambacho benki itakupa kingine kwa ada isiyomfilisi mtu, bali hupimwa kwa muda unaopita baina ya kupotea kwake na kufungwa kwake. Na muda huo, msomaji, uko mikononi mwako peke yako, kwa kuwa benki haiwezi kulijua jambo ambalo hukuiarifu.

Kwa hiyo ifunge kadi kwanza, na mengine yote, hata kituo cha polisi, yafuate. Wako waungwana wengi wanaokwenda mbio kituoni kuandikisha habari zao katika kitabu cha matukio, kile tukiitacho OB, wakidhani kwamba neno likishaandikwa pale limekwisha kuenea serikalini na benki pia. Lakini askari hana mtambo wa kuifunga kadi yako, wala mashine ya ATM haisomi OB. Namba ya OB utaihitaji, nami nitaieleza mahali pake. Ila ni ushahidi wa baadaye, si kizuizi cha sasa.

Mabenki, kwa hekima ambayo mimi sijaifahamu bado, yamechapisha namba ya simu ya dharura mgongoni mwa kadi, yaani mahali ambapo hutaweza kuisoma siku utakapoihitaji. Basi iandike pengine: katika daftari la nyumbani, katika simu yako, na katika simu ya mke au mume au mtoto mkubwa unayemwamini, ili simu na kadi zikienda pamoja usibaki mikono mitupu. Usingoje siku ya msiba ndipo uitafute kwenye intaneti kwa pupa na kuipiga ya kwanza unayoiona, kwa maana walaghai hutandaza huko namba za uongo zenye majina ya mabenki, wakiwangoja watu waliotaharuki. Kama simu unayo na ndani yake mna programu ya benki yako, tazama mapema kama ina sehemu ya kufunga kadi. Benki kadhaa zimeiweka, na kazi huisha kabla karani hajapokea simu. Na ikiwa ni Jumamosi alasiri, tawi limefungwa na halitafunguliwa hadi Jumatatu, usijiambie kwamba utangoja: simu za kadi za benki kubwa hupokewa usiku na mchana, na mwizi naye hana mapumziko ya juma.

Karani atakayepokea atakuuliza jina lako kamili, namba ya kitambulisho, namba ya akaunti, na pengine malipo ya mwisho uliyofanya, apate yakini kwamba ndiwe mwenye mali. Hatakuuliza namba ya siri, na akiiuliza kata simu, kwani si karani huyo. Mweleze ni kadi ipi, maana wengi wana mbili au tatu, na uliitumia mara ya mwisho wapi na lini. Kisha, kabla hujaagana naye, mwombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, uiandike pamoja na jina lake na saa mliyozungumza. Saa hiyo ni kitu cha thamani kubwa, kwa kuwa kwa kawaida ya mikataba ya kadi ndiyo mpaka: yaliyotolewa baada yake ni juu ya benki kuyajibu, na yaliyotolewa kabla yake ndiyo utakayovutana nayo.

Wenye jamaa zao Marekani, na katika Nyeri ni nyumba chache zisizo nao, wanaweza kuwauliza jinsi mpaka huo ulivyoandikwa waziwazi katika sheria ya huko. Mwenye kadi ya akaunti akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu alipojua kuwa imepotea, hasara inayomwangukia haizidi dola 50. Akichelewa zaidi ya hapo, yaweza kufika dola 500. Na akipuuza taarifa ya akaunti yake hata zikapita siku 60, fedha zitakazochukuliwa baadaye zaweza kumpotea zote. Kwetu Kenya la kutegemea kwanza ni yale masharti ya maandishi madogo uliyotia sahihi siku ulipopewa kadi, ambayo kusema kweli hakuna ayasomaye, na ambayo nakusihi uyaombe tena tawini uyasome ukiwa umetulia. Utaona yanataja mambo mawili kwa mkazo: kutoa taarifa bila kukawia, na kutompa mtu yeyote namba ya siri.

Ikiwa simu imeibwa pamoja na kadi, basi simu ndiyo msiba mkubwa zaidi, na wala sisemi hivi kwa kutia chumvi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa tarehe 6 Machi 2007, fedha za Mkenya hazikai tena benki tu; na hata zile zilizoko benki, mlango wake umepitishwa katika laini ya simu, kwa kuwa ile namba ya mara moja inayothibitisha malipo ya intaneti, na ile inayokuruhusu kubadili nywila ya programu ya benki, zote huletwa kwa ujumbe wa simu. Aliyeshika laini yako ameshika idhini yako. Azima basi simu ya mtu yenye laini ya Safaricom, piga 100, uombe laini na akaunti ya M-Pesa vifungwe. Mwenye laini ya kampuni nyingine awaarifu watu wake vivyo hivyo. Halafu nenda na kitambulisho katika duka la kampuni mjini upewe laini mpya yenye namba ile ile, na usikubali kufanyiwa kazi hiyo na kijana wa mwavuli usiyemjua.

Iko namna nyingine ya kupotelewa na laini bila simu kuondoka mkononi. Mlaghai aliyepata jina lako, namba ya kitambulisho chako na mambo mawili matatu ya maisha yako, hujifanya ndiye wewe, akaomba laini mpya kwa namba yako. Akikubaliwa, ya kwake huamka na ya kwako hufa. Sasa, huku kwetu kuna mahali ambapo mtandao hukatika wenyewe, na mtu wa Naro Moru au wa vijiji vilivyopakana na msitu wa Aberdare hawezi kutaharuki kila simu inaponyamaza. Walakini ukiwa katikati ya mji wa Nyeri au Nanyuki, na jirani yako anazungumza kwa mtandao ule ule, ilhali simu yako haioni hata mnara mmoja kwa muda mrefu, usiizime na kuiwasha mara kumi ukitarajia heri. Azima simu uulize. Safaricom imeweka kinga ya jambo hili: ukibonyeza *100*100# laini yako hufungwa isiweze kubadilishwa kwa wakala yeyote, ila mwenyewe uende dukani kwao. Tena bonyeza *106# ujue ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, idai ifutwe.

Natamani sasa nizungumze juu ya namba ya siri, kwa kuwa hapo ndipo wengi tunapojidhulumu wenyewe. Mashine ya kutolea pesa ilifunguliwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1967 katika tawi la benki ya Barclays huko Enfield, kaskazini mwa London, na husimuliwa kwamba John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alitaka namba yenye tarakimu sita, lakini mkewe akamwambia kwamba yeye huweza kukumbuka nne tu. Na nne zikabaki hata leo. Tarakimu nne hufanya namba 10,000, na kwa kuwa mashine kwa kawaida humruhusu mtu kukosea mara tatu tu kabla ya kuizuia kadi, mwizi anayekisia gizani hana tamaa yoyote. Lakini mwizi hakisii gizani. Anajua kwamba watu wengi hutumia mwaka wao wa kuzaliwa, na akiokota pochi ambamo kadi imelala ubavuni mwa kitambulisho, mwaka huo ameusoma tayari. Na asipoujaribu huo hujaribu 1963, mwaka wa uhuru, au 1234. Kuweka namba ya namna hiyo ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli na kuuning'iniza ufunguo pale pale kwenye kitasa. Chagua tarakimu zisizohusiana na kuzaliwa kwako, wala kwa watoto wako, wala mwisho wa namba yako ya simu. Zibadilishe katika mashine yenyewe, jambo la dakika chache. Na kitambulisho na kadi visisafiri katika mfuko mmoja.

Wala usidhani kwamba asiyejua namba ya siri hana la kufanya. Kadi zenye alama ya mawimbi manne madogo upande wa mbele hulipa kwa kugusishwa tu kwenye mashine ya duka, pasipo namba yoyote, maadamu bei haizidi kiwango kidogo kilichowekwa. Basi aliyeiokota anaweza kuinunulia sukari na mafuta duka baada ya duka. Kadhalika ile namba ndefu ya mbele, pamoja na mwezi na mwaka wa mwisho wa kadi na zile tarakimu tatu za nyuma, yatosha kununua vitu katika maduka ya intaneti yasiyodai uthibitisho zaidi. Kwa sababu hiyo mtumishi wa hoteli au wa kituo cha petroli asiondoke na kadi yako kwenda chumba cha nyuma, hata akiwa mwenye adabu namna gani. Mwambie akuletee mashine mezani, au nyanyuka umfuate.

Nimefika sasa penye jambo ambalo huku Mlimani ni zito kuliko wizi wa mfukoni. Mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai inapolipwa, wakulima wa viwanda vya Gathuthi, Iria-ini, Gitugi, Chinga na Ragati huingiziwa katika akaunti fedha walizozingoja mwaka mzima, na foleni za mashine za Othaya, Karatina na Nyeri hupinda kona. Katika foleni hizo wako vijana wengi walioshika kadi zisizo na majina yao. Nyanya wa miaka themanini, ambaye magoti hayamruhusu kupanda matatu, amempa mjukuu kadi na kijikaratasi chenye namba ya siri, akamwambia amletee kiasi fulani, na mjukuu huleta kiasi hicho, aghalabu kwa uaminifu. Zamani, mteja alipokwenda dirishani na kitabu cha akiba chenye picha, keshia alimtazama usoni. Na hata Equity, iliyoanzia Kangema katika Murang'a mwaka 1984, ilianza kwa kuwahudumia watu wa namna hiyo. Mashine haimtazami mtu usoni. Kwake yeye, mwenye namba ndiye mwenye mali, na siku fedha zitakapopungua, nyanya akaenda kulalamika, swali la kwanza litakuwa: nani mwingine alikuwa na namba hii? Akijibu kwa ukweli wake wa kawaida, amejifungia mlango wa kudai.

Simlaumu nyanya, wala simtuhumu mjukuu. Haja ipo na njia bora zipo vilevile. Ya kwanza ni wakala wa benki, ambaye siku hizi hakosekani katika soko dogo la kijijini, na nyanya aweza kumfikia kwa miguu yake akatoa mwenyewe kidogo kidogo. Ya pili ni kuunganisha akaunti na simu yake yeye, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, ili kila shilingi itokapo ujumbe umfikie yeye. Ya tatu ni kwenda benki mara moja, pamoja, na kumwandikisha mwana mmoja mzima kuwa mtia sahihi wa pili, jambo linaloacha karatasi na kumbukumbu. Na ile ya nne, ambayo wengi hawaijui, ni kuiomba benki ipunguze kiwango kinachoweza kutolewa kwa siku moja. Mkulima ambaye hahitaji zaidi ya shilingi elfu chache kwa safari hana sababu ya kuacha kadi yake iwe na uwezo wa kutoa makumi ya elfu. Lakini ikiwa hapana budi na kijana ametumwa, basi namba ya siri ibadilishwe juma lile lile.

Foleni hizo hizo humvuta mtu mwingine, mwenye shati safi na maneno laini, ambaye humwona mama akihangaika na vitufe akasema, "Shosho, ngoja nikusaidie." Huichukua kadi, huiingiza, humsikia akitaja namba yake au huona anavyoibonyeza, kisha husema mashine imekataa, humrudishia kadi na kuondoka taratibu. Kadi aliyorudishiwa ni ya benki ile ile, rangi ile ile, imechakaa kiasi kile kile. Kasoro yake ni jina tu, nalo halisomi mpaka afike nyumbani. Wafundishe wazazi wako jambo moja hili: kadi ikitoka mkononi na kurudi, lisome jina lililo juu yake kabla ya kupiga hatua. Msaada uombwe kwa mlinzi wa benki au kwa karani aliye ndani, na ikiwa ni usiku, usiombwe kabisa. Mashine ikiimeza kadi, usiondoke hapo kwenda kumtafuta mtu. Wako wanaopachika kipande chembamba mdomoni mwake ili kadi ikwame, wangoje uondoke, waichomoe. Simama pale pale, piga simu, uifunge.

Kadi ikishafungwa, ndipo utulivu wa kazi ya karatasi unapoanza. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu uandikishe kupotea au kuibwa, ukapewe namba ya OB na ile hati ya polisi ambayo benki, kampuni ya simu na ofisi ya vitambulisho zote zitaidai. Omba benki ikutolee taarifa ya akaunti tangu siku chache kabla ya kupotea, uipitie mstari kwa mstari na kalamu mkononi, usiyapuuze hata malipo madogo ya shilingi hamsini, kwani mwizi mara nyingi huanza kwa kiasi kidogo ili ajue kama kadi ingali hai. Malipo usiyoyatambua yaandikie pingamizi kwa fomu ya benki, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri. Malalamiko ya mdomo, hata yakiwa makali ya kusikika hadi barabara ya Kimathi, hayana tarehe wala mhuri.

Benki isipokujibu, au ikikujibu kwa neno lisilokutosheleza, mlango unaofuata ni Benki Kuu ya Kenya, ambayo katika miongozo yake ya mwaka 2013 iliziwekea benki wajibu wa kuwalinda wateja na kushughulikia malalamiko yao. Lakini angalia: wengi wetu fedha zetu haziko benki, ziko katika SACCO, na kadi za vyama vingi hupita katika mitambo ya Co-operative Bank kwa jina la Sacco-Link. Mwenye kadi ya namna hiyo huanza na ofisi ya chama chake, na asiporidhika huandikia SASRA, mamlaka inayovisimamia vyama vya akiba na mikopo chini ya sheria ya mwaka 2008. Akipeleka barua Benki Kuu atakuwa amebisha nyumba isiyo yake na kupoteza miezi.

Kama kitambulisho nacho kimekwenda, hatari haikomi kwa kadi. Kwa namba ya kitambulisho mtu huweza kukopa kwa jina lako katika programu hizi za mikopo ya simu zilizojaa kila mahali, nawe usijue mpaka siku utakapoomba mkopo wa ng'ombe au wa karo ukaambiwa jina lako limechafuka. Omba kitambulisho kingine katika Huduma Centre au ofisi ya usajili, kisha uombe ripoti yako kwa taasisi za kumbukumbu za mikopo, Metropol, TransUnion na Creditinfo. Sheria inakupa haki ya kuipata mara moja kwa mwaka pasipo malipo, na ukikuta deni usilolichukua, una haki ya kulipinga kwa maandishi.

Jihadhari hasa na siku chache zinazofuata. Aliyekuibia anajua kwamba unangoja simu kutoka benki, na pengine anajua jina la benki kwa kuwa kadi iko mkononi mwake, basi atakupigia kwa sauti ya kiofisi, akupe pole, akutajie namba zilizo mbele ya kadi ili umwamini, kisha akuombe namba ya siri, au ile namba ya mara moja iliyoingia sasa hivi katika simu yako, "ili tuirudishe fedha yako." Benki haina haja nazo hata siku moja. Wala Safaricom haipigi simu kwa wateja ila kwa namba 0722 000 000. Mwingine yeyote ajidaiye ni wa huko, mwache aseme peke yake, na namba yake itume kwa ujumbe usiolipiwa kwenda 333. Na kadi ya zamani ikionekana baada ya wiki nyuma ya kiti cha gari, usiirudishe mfukoni kwa furaha. Ikate kwa mkasi, mkasi upite katikati ya kile kijipande cha dhahabu, maana imekwisha kufungwa na haifai tena kwa lolote.

Haya yote yanaanza na karatasi moja, nami nakuomba uiandike jioni hii kabla hujaliweka gazeti: namba ya dharura ya benki au SACCO yako, namba ya akaunti, na jina la tawi. Namba ya siri usiiandike humo. Karatasi hiyo iache nyumbani, na mwenzako ajue ilipo.